Wageni wa Kabla ya Jua

Punda ndiye aliyekataa kwanza. Alifika kona ya mwisho ya njia ya mbuzi, akagoma, na Mufleh alipomchapa akajilaza chini na mizigo yake mgongoni. Wadha, dada yake Mufleh, aliyemfuata yeye na mgeni wake kutoka kijijini huku hasira zimemjaa hadi kooni, alisikia harufu ya mkate unaookwa. Katika mapango yale ya Petra hakuna aliyeoka mkate tangu Wabedui walipohamishwa, yeye akiwa na miaka minane.

Mufleh alisema ni upepo umeileta kutoka kijijini. Upepo haukuwapo.

Tangu mvua zilipokwisha alikuwa akiwapitisha wageni njia ya nyuma kabla mageti hayajafunguliwa, wapige picha zao bila bughudha ya umati. Wadha alikuwa amemkataza hadi akachoka. Mama yao aliyewalea mapangoni humo hakuwaruhusu kutoka nje kati ya weupe wa kwanza na jua kuchomoza. Saa ile, alisema, ina wenyewe.

Mgeni wa siku hiyo, jamaa mrefu mwenye kamera mbili, aliingia katika kaburi lililochongwa mwambani, akatazama huku na huku, akakojoa ukutani.

"Umemuona?" Wadha alinong'ona, meno yakisagana. "Anakojoa ndani ya nyumba ya watu."

"Watu gani? Wamekufa zamani hao. Punguza sauti, dada, atakusikia."

Mahali fulani ndani ya mwamba kinu cha kahawa kilinyamaza, na hapo tu ndipo Wadha alipotambua kwamba kilikuwa kikilia tangu walipofika.

Mgeni alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni, akawapita bila kuwatazama, akateremka korongoni. Mufleh akaingia kuziokota kamera alizoziacha mgeni, na Wadha akamngoja, akamngoja tena, akamwita kwa jina na kwa jina la mama yao, mpaka aliposhindwa kuvumilia akaingia mwenyewe katika giza lile lenye harufu ya mkate na mkojo, akamkuta mdogo wake amesimama ameukabili ukuta, mikono imening'inia, na kinywani mwake ikitoka sauti ya mwanamke mzee ambaye hakuwa mama yao.

"Mchana tuliwaachia," sauti ilisema. "Hata hii saa yetu moja ameiuza."

Wadha akaanza Ayatul Kursiy. Sauti ikaisoma pamoja naye, kisha ikamtangulia, ikaimaliza kwa matamshi safi kuliko yake.

Hofu ilimwishia hapo, ikabaki hasira tupu. Alimgeuza Mufleh, akamzaba kofi.

"Kama mna dini, mwacheni," alisema. "Aliyewachafulia mmemwacha akimbie, mnamshika huyu mjinga wangu?"



"Huyu wako tumemwacha," sauti ikasema. "Ila kazi yake tumeipenda."

Mufleh akaanguka, akatapika, akaomba maji.

Sheikh wa kijijini alimsomea siku tatu, akasema yuko salama. Mufleh mwenyewe aliapa hatampeleka tena mtu kule kabla ya jua. Alikula, akacheka, akalala kama mtoto. Wadha, ambaye bado alikuwa na hasira naye, alimfulia nguo bila kumsemesha.

Alfajiri ya siku ya nne, kabla ya adhana, Wadha aliamshwa na sauti ya mdogo wake ndani ya nyumba. Ilikuwa ileile sauti yake ya kazini, laini, ya kubembeleza wateja.

"Piteni taratibu," Mufleh alikuwa akisema ukumbini. "Tumewahi, bado hawajaamka. Hapa ndipo wanapopikia. Na huku ndiko wanakolala."

Pazia la mlango wa Wadha lilisogezwa. Alitaka kumtukana, ulimi haukuinuka. Nyayo ziliingia, nyingi, bila haraka, zikakizunguka kitanda.

"Huyu ni dada yangu," Mufleh alisema. "Mtazameni tu, msimguse."

Blanketi likaanza kufunuliwa, kuanzia miguuni.