Hamira na Baiskeli ya Mikate

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hamira alimsaidia mama yake kupanga mikate vikapuni. Mama alikuwa mwokaji, na ndiye aliyempa jina hilo la utani, maana binti huyo hakuweza kupita karibu na beseni la unga uliokandwa bila kumega kipande na kukila kibichi. Kisha tumbo lilimjaa gesi, na nyumba nzima ikamcheka.

Lakini asubuhi moja hakumega kitu. Alichukua baiskeli ya kaka yake ya kusambazia mikate, ambayo alikatazwa kabisa kuigusa, akashuka nayo mteremko wa karibu na nyumbani. Gurudumu likaingia mtaroni, ncha ya usukani ikamgonga chini ya mbavu za kushoto. Aliirudisha kimya kimya, akaifuta vumbi.

Haukupita muda akawa amejikunja jikoni, ameshika tumbo.

"Umeshakula unga tena, we mtoto!" mama alisema akicheka.

Uongo ulikuwa umeshaandaliwa, kazi ya Hamira ilikuwa kuitikia tu. "Ndiyo, mama. Kidogo."

"Lala hapo nikuchue, gesi itoke." Mama akajipaka mafuta viganjani. Mikono ile ilikanda unga kila siku, nguvu zake si za mchezo. Ilipomgusa tu, Hamira alipiga yowe, jasho jembamba likamtoka, macho yakaingia giza. Mama hakucheka tena. Alimbeba mgongoni, mbio hadi hospitali.

Daktari alimshika mkono kupima mapigo ya moyo, akakunja uso. "Amekula nini?"

"Unga mbichi, daktari. Ndiyo tabia yake," mama alijibu akihema.

"Wapi panauma, binti?"

"Tumbo... na bega hili la kushoto."

Daktari aliinama karibu naye. "Unga hauumizi bega. Nitazame mimi, usimtazame mama. Umeanguka?"

Hamira aliogopa kugombezwa. Lakini lile giza lilikuwa linarudi, na aliliogopa zaidi. "Nilianguka na baiskeli. Usukani ulinigonga hapa."

"Chumba cha upasuaji, haraka!" daktari alimwambia muuguzi.

Hamira alipopata nafuu, daktari alimchorea picha.

"Mfuko wa chakula haukai peke yake. Kulia kwake kuna ini, nyuma yake kongosho, na kushoto, chini ya mbavu, kuna bandama. Bandama yako ilipasuka. Damu ikavuja, ikausumbua msuli wa kupumulia ulio juu yake, ndiyo maana maumivu yakafika begani. Tumbo lililoumia hivyo halichuliwi, damu huvuja zaidi. Ukiumia, sema ukweli wote, hata ule wa aibu. Sisi tunatibu kile tunachoambiwa."

Mama alikuwa akivitazama viganja vyake.

"Kwa baiskeli ningekugombeza, mwanangu, yakaisha," alisema taratibu. "Lakini uliniacha nikuchue. Ningekuua kwa mikono hii, tena nikicheka."

Hamira aliishika mikono hiyo, akalia kwa uchungu. "Nisamehe, mama. Sitakuficha tena."