Aliyeinua Mkono Kivukoni

"Huwezi kukaa hapo jikoni kama kabati, Dean!" Mama alisema, akaitua sufuria ya uji mezani kwa kishindo. "Polisi wametafuta. Mbwa wao wametafuta. Hakuna maiti, hakuna damu, hakuna hata kiatu. Hapakuwa na mtu!"

"Nilimwona, Lorraine."

"Uliona ukungu."

"Ukungu hauna..." Baba alianza. Akavitazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Nilimwona. Basi."

Hattie Ollerenshaw, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa amekaa kwenye ngazi, magoti kidevuni. Aliwasikia vizuri. Alisikia pia kile kilichomnyima usingizi tangu wiki iliyopita: tap, kimya, tap. Ulikuwa mguu wa kulia wa Baba chini ya meza. Ulikanyaga sakafu, ukainuka, ukakanyaga tena.

Alijua maana yake. Baba alikuwa dereva wa treni ya mizigo, akibeba mawe kutoka machimbo yaliyo juu ya kijiji chao, karibu na mji wa Buxton. Ndani ya chumba cha dereva kuna pedali ambayo lazima aikanyage muda wote. Kila baada ya muda kengele hulia, naye huinua mguu na kuikanyaga upya, ili mtambo ujue kwamba yu macho na yu hai. Asipofanya hivyo, treni hujifungia breki yenyewe. Sasa Baba hakuwa ndani ya treni, lakini mguu wake ulikuwa bado unaijibu kengele ambayo hakuna mwingine aliyeisikia.

Zamani Hattie aliipenda kazi ya Baba. Baba aliondoka watu wamelala, amevaa nguo za rangi ya chungwa, na chupa ya chai na mkate wenye jibini na achari ndani ya mkoba. Kule machimboni alitembea kando ya mabehewa yote, iwe mvua isiwe mvua, kukagua breki. Kisha aliteremka bondeni na shehena nzito, mara nyingi akisimamishwa kwenye reli ya pembeni kusubiri treni za abiria zipite. Alikula mkate wake palepale, peke yake, akiwatazama kondoo. "Kondoo mmoja ananijua sasa," aliwahi kusema. "Ananitazama kama mkaguzi wa tiketi."

Reli ilipita nyuma ya nyumba yao, na palikuwa na kivuko cha miguu chenye lango kila upande. Mita mia kadhaa kabla ya kivuko kulikuwa na kibao cha kumkumbusha dereva apige honi. Treni ya Baba ilipopita mchana, honi ilitoa sauti mbili, moja nzito na moja nyembamba, na Hattie alikimbilia uani na kuinua mkono. Tangu akiwa mdogo hakuwahi kuiacha treni ipite bila kuinua mkono.

"Kazini wananicheka," Baba alisema jikoni. "Jana nilipokwenda kuchukua buti zangu, nilikuta wametundika shuka jeupe kwenye kabati langu. 'Ollerenshaw, mchumba wako anakusubiri kivukoni!' Wazee wanasema hata babu zao walimwona. Mwanamke mweupe asiye na uso."

"Wajinga wakubwa."

"Labda. Lakini fikiria, Lorraine." Sauti yake ilishuka, na Hattie akalazimika kuinama mbele ili asikie. "Kama palikuwa na mtu, nimemuua, na yuko mahali fulani hajapatikana. Kama hapakuwa na mtu, macho yangu yananidanganya. Mtu ambaye macho yake yanamdanganya hawezi kupewa zaidi ya tani elfu moja za mawe azishushe mlimani. Vyovyote iwavyo, nimekwisha. Leo nampigia Wragg. Namwambia naacha."

Bwana Wragg alikuwa msimamizi wa madereva, naye alikuwa akisubiri Baba aamue kama atarudi kazini.

Mama alichukua mwiko, akaukoroga uji bila kumtazama. Hilo lilimtisha Hattie kuliko kelele zote.

Alipanda chumbani kwake taratibu na kufunga mlango. Nyuma ya mlango ule zamani lilining'inia koti la mvua jeupe lenye kofia, lililokuwa la Mama. Sasa msumari ulikuwa mtupu. Koti lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa ndani ya mfuko, lakini Hattie alikuwa akiliona hata hivyo. Akizima taa aliliona limesimama pale mlangoni. Lilikuwa na umbo la mtu, na ndani ya kofia hamkuwa na kitu. Wakati mwingine alijigusa mashavu kuhakikisha kwamba yeye mwenyewe yupo. Polisi walimtafuta mtu yule kila mahali na hawakumpata. Je, kama hawakumpata kwa sababu kweli alikufa pale relini, basi huyu anayelala kitandani ni nani?

Mambo yalikuwa hivi. Ng'ambo ya reli Bi Mossop alifuga farasi jike, na farasi huyo alikaribia kuzaa. Mama alisema, "Utakwenda kumwona kukipambazuka, na utapita daraja la barabarani. Kivukoni gizani hupiti." Hattie alitaka kuwa wa kwanza kumwona mtoto wa farasi. Kabla ya mapambazuko alivaa koti la Mama, akatoka kwa mlango wa nyuma, akafika langoni. Ukungu ulikuwa mzito, hata lango la pili halikuonekana.

Alisimama akasikiliza. Alikuwa binti wa dereva, aliijua reli. Treni hupiga honi kwenye kibao, na hapakuwa na honi. Kwa hiyo hapakuwa na treni.

Alikuwa katikati ya reli mwanga ulipofumuka ndani ya ukungu. Honi ililia hapo hapo, kana kwamba iko juu ya kichwa chake, na baada ya honi breki zilipiga mayowe. Mkono wake ukainuka wenyewe. Kisha akaruka, akabingirika mtaroni upande wa pili, na mabehewa yakapita moja baada ya jingine, hayaishi. Treni iliposimama mbali sana bondeni, Hattie alikuwa amekwisha kukimbia. Hakumwona mtoto wa farasi. Alizunguka kwa daraja, akaingia kitandani na soksi zake zilizolowa, akatetemeka mpaka Mama alipomwita kunywa chai.

Baadaye askari polisi alibisha hodi, akiuliza nyumba zote za kando ya reli. "Sote tulikuwa vitandani," Mama alisema. Askari akamtazama Hattie. "Na wewe?" Hattie akatikisa kichwa kukubali. Hakusema hata neno moja. Alikuwa amejiambia kwamba asiyesema neno hajasema uongo.

Halafu Baba akarudi nyumbani, uso wake kama majivu, na ndipo Hattie alipojua nani alikuwa akiendesha treni ile.

Chini, kiti kilisogezwa. Hattie alisikia Baba akisimama, na simu ikichukuliwa kwenye rafu. Alipiga magoti, akavuta mfuko, akashuka ngazi akikimbia.

Aliliweka koti mezani, kando ya sufuria ya uji. Lilikuwa na tope lililokauka, na mkono mmoja ulikuwa umechanika.

"Koti langu hilo," Mama alisema. "Nimelitafuta wiki nzima. Hattie, umelifanya nini?"

"Mimi ndiye," Hattie alisema. "Baba, usimpigie. Yule mtu ni mimi."

Baba alimtazama kwa huruma, si kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwanangu, unataka kunisaidia. Nashukuru. Lakini usitunge mambo ili..."

"Situngi!"

"Hattie, basi, nenda juu."

"Niliinua mkono!" Hattie alipaza sauti. "Ulipowasha... ule mwanga uliponijia, niliinua mkono. Hivi. Kama ninavyofanya uani."

Akauinua.

Mguu wa Baba ulikuwa ukikanyaga sakafu hata aliposimama, tap, kimya, tap. Ukanyamaza.

"Sikumwambia mtu jambo hilo," alisema polepole. "Polisi sikuwaambia. Wragg sikumwambia. Wewe pia, Lorraine, sikukuambia. Niliogopa mtasema nimepata wazimu. Nani anaipungia mkono treni inayokuja kumuua?" Aliiweka simu mezani. Akaenda kwenye sinki, akafungua bomba, akanywa maji kwa kiganja, na mabega yake yalitikisika kwa muda mrefu. Hakuna aliyemsogelea. Alipogeuka uso wake ulikuwa umelowa wote, na haikujulikana yapi yalikuwa maji na yapi machozi.

"Ni wewe," alisema. "Nilifunga breki nikajua hazitawahi. Nilihesabu mabehewa yakipita juu ya mtu. Kumbe alikuwa ni wewe."

Akamkumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikamuuma. Kisha akamshika mabega na kumsogeza nyuma ili waonane macho kwa macho.

"Kwa nini ulivuka?"

"Sikusikia honi. Treni inapiga honi kwenye kibao."

"Mchana!" Baba alisema. "Mchana, Hattie! Kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi hatupigi, ili watu walale. Tunapiga tu tukimwona mtu. Na mimi nilipokuona, ulikuwa umekwisha kufika katikati. Treni iliyobeba mawe ikiteremka kwenye ukungu haina kelele. Kukosa honi hakumaanishi chochote. Chochote!"

"Sikujua."

"Ulidhani unajua. Hapo ndipo ulipokaribia kufa."

Mama alikuwa bado ameshika mwiko. Aliuweka chini. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, na hakulia sasa, ila sauti yake ilikwaruza.

"Sasa nisikilize mimi. Kuvuka kulikuwa kosa la mtoto. Nilikukataza, ukaenda, na kwa hilo hutatoka nje mpaka nitakapoamua, wala usiniulize ni lini. Lakini kunyamaza kulikuwa kosa jingine, na ni kubwa zaidi. Ungesema asubuhi ileile, ningepiga kelele, tungelia, tungekunywa chai, yakaisha. Wewe ukanyamaza. Ulidhani ukinyamaza jambo linakaa chini ya kitanda pamoja na koti. Halikai! Lilikuwa hapa mezani kila siku, likimla baba yako. Umemwachia aubebe mzigo ambao hata hakujua ni wa nani. Na mimi umenifanya nimwambie askari uongo nikiwa nimemkazia macho."

"Niliogopa, Mama."

"Najua uliogopa. Mtu mwoga anaweza kusema kweli akiwa anatetemeka. Hakuna anayemzuia."

Nyuma ya nyumba, honi ikalia, nzito kisha nyembamba. Vikombe vikacheza rafuni. Treni ya mawe ilikuwa ikishuka na dereva mwingine, mabehewa yakigonga maungio ya reli mfululizo. Wote watatu walisubiri mpaka behewa la mwisho likapita. Hattie alitazama chini. Mguu wa Baba ulikuwa umetulia.

"Nitampigia Wragg," Baba alisema, akinyoosha mkono kuchukua simu. "Nitamweleza."

"Hapana," Mama alisema. "Wewe umeeleza vya kutosha, na hakuna aliyekuamini. Wala mimi."

Akamtazama Hattie.

Hattie aliangalia simu. Alifikiria shuka jeupe kwenye kabati la Baba, na madereva wote watakaosikia kwamba mzimu wao ni mtoto wa darasa la saba aliyekimbilia kuona farasi. Alifikiria askari atakayerudi kubisha hodi. Alijua kwamba akiomba asubiri mpaka baada ya uji, atasubiri mpaka kesho, na kesho atakuwa na sababu nyingine.

"Nipe, Baba," alisema.

Namba ilikuwa imebandikwa kwenye jokofu. Aliibonyeza, akakosea, akaanza upya. Simu iliita. Upande wa pili mwanamume akajibu, sauti yake ikiwa nzito na ya uchovu.

"Dean? Umeamua?"

"Si Dean, bwana. Ni Hattie, binti yake." Baba alikuwa amesimama nyuma yake na Mama kando, lakini hakuna aliyemshika. "Nilidanganya. Mtu wa kivukoni nilikuwa mimi, na niko mzima. Baba yangu anaona vizuri."