Nani Alimshikia Fimbo Tekman?

Kila siku kambini ilianza vilevile. Saa kumi na mbili asubuhi mpishi aligonga sufuria kwa mwiko, na wanafunzi wa upimaji ardhi wakatoka kwenye madarasa walimolala, wamejifunika mablanketi hadi masikioni, kwenda kunywa chai ya maziwa uwanjani. Kambi ilikuwa kwenye shule moja juu ya mji wa Tansen, ambayo wanafunzi wake walikuwa likizo ya majira ya baridi. Chini ya uwanja, mahali ambapo mchana huonekana mashamba ya mpunga ya bonde zima, asubuhi hapakuonekana kitu. Ukungu ulilijaza bonde pomoni, ukatulia kama maziwa kwenye bakuli, kisha taratibu ukaanza kupanda mlima.

Junu Thapa, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, alikuwa kiongozi wa kundi la nne. Kila asubuhi aliwahesabu watu wake kwenye chai. Alikuwepo Prabesh, ambaye mdomo wake haukujua mapumziko. Alikuwepo Ishwari, mdogo wao kwa umri, aliyeogopa baridi, mbwa na kila kilichotikisika msituni. Wa nne, Tekman Rana, hakuwepo hata siku moja. Blanketi lake lilikuwa limekunjwa, kikombe chake kimeoshwa na kuinamishwa dirishani, na hakuna aliyekuwa amemsikia akiamka.

"Mimi nalala naye chumba kimoja, kiongozi," Prabesh alisema huku akipuliza chai. "Usiku yupo. Nikifumbua macho, hayupo. Mlango haulii, viatu havilii. Huyo ni mtu au ni moshi?"

"Ni mvivu, basi," Junu akajibu. "Mvivu hana haja ya kupiga kelele."

Kazi waliyopewa ilikuwa kukizunguka kilima kwa vipimo. Walianzia kwenye nguzo ya zege ambayo kimo chake kinajulikana, wakapita kigingi hadi kigingi, na mwisho walitakiwa kurudi kwenye nguzo ileile. Mmoja alichungulia kwenye darubini, mwingine alisimama juu ya kigingi ameshika fimbo ndefu yenye namba. Ukirudi kwenye nguzo, kimo unachopata lazima kilingane na kile ulichoanza nacho. Kikipishana kwa zaidi ya milimita chache, umefanya kazi bure. Njia iligawanywa vipande vinne, kila mwanafunzi akapewa chake.

Siku ya kwanza Tekman alichelewa kusoma namba, na tangu hapo hakuonekana tena kazini. Junu alipima kipande chake mwenyewe, akamsaidia Ishwari kumaliza cha kwake, na kila jioni aliingia kulala mabega yakimuuma na moyo ukimchemka. Alisoma kwa ufadhili. Kundi likianguka kambini, mwaka unarudiwa, na ufadhili unakatika siku hiyohiyo. Baba yake hakuwa na namna ya kuuziba mwanya huo, na Junu alilijua hilo kila alipofumba macho.

Siku ya sita mchana, alifungua sanduku la vifaa ili atoe kitabu cha vipimo. Alipofika kwenye kurasa za Tekman, ambazo jana yake zilikuwa tupu, alizisogeza kwenye mwanga. Zilikuwa zimejaa. Vigingi vyote tisa vya njia ya msituni vilikuwa vimeandikwa kwa mwandiko mdogo ulionyooka, na chini yake sahihi: T. Rana.

Prabesh alichungulia juu ya bega lake. Kwa mara ya kwanza tangu waje Tansen aliuliza jambo bila mzaha, "Nani alimshikia fimbo?"

Mtu mmoja hawezi kuchungulia darubini huku na kushika fimbo kule. Wao watatu hawakuwa wamekwenda naye, na makundi mengine yalikuwa upande wa pili wa kilima.

"Kwenye ile misonobari," Prabesh akaendelea, tabasamu likimrudi, "wenyeji wanasema yupo mwanamke ambaye miguu yake imegeukia nyuma. Labda ndiye msaidizi wake."

"Nyamaza wewe!" Ishwari akaziba masikio.

Junu hakuamini mizimu. Aliamini kwamba mtu anaweza kukaa mahali na kubuni namba, jambo ambalo kila mwalimu aliwaonya juu yake. Akajumlisha vipande vyote vinne. Kimo cha mwisho kilipishana na cha mwanzo kwa sentimita thelathini na moja.

Tekman alipotokea kwenye chakula, wali na dengu vikiwa bado vinafuka moshi, Junu alimwekea kitabu mbele ya sahani. "Namba zako zimetuua," akamwambia.

Tekman alitazama kitabu, akamtazama yeye, akasema, "Nitarudia." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikamezwa na kicheko cha Prabesh aliyekuwa anacheka jambo jingine. Junu alichukua karatasi ya michango, ambamo kiongozi huandika alama za mchango wa kila mtu kazini, kati ya kumi, na mbele ya jina la Tekman akaandika sifuri kwa wino. Kesho yake saa kumi jioni karatasi hiyo na kitabu vilitakiwa kuwa mezani kwa Madam Gyawali, mwalimu msimamizi wa kambi.

Asubuhi ya siku ya saba Junu aliamua kukipima kipande cha msituni yeye mwenyewe. Alimwambia Ishwari atangulie na fimbo, ashuke kwa ngazi za mawe na kusimama kwenye kigingi cha tatu. Yeye alibeba darubini begani, akapita kinjia cha mbuzi ili asimame kati ya kigingi cha tatu na cha nne.

Ukungu ulikuwa umeshaingia kwenye misonobari. Hatua chache tu ndani yake, kengele za hekalu la mjini zikakatika, na mlio wa sufuria za mpishi nao ukapotea. Kilichobaki ni matone yakidondoka kutoka kwenye miti, moja hapa, moja kule, kama mtu anayetembea kwa uangalifu. Junu aliikita miguu mitatu ya darubini, akaisawazisha, na alipoweka jicho hakuona chochote ila weupe.

Akangoja. Weupe ukapungua, na fimbo ikaonekana. Darubini za chuo ni za zamani na hugeuza kila kitu kichwa chini, kwa hiyo fimbo ilionekana ikining'inia kutoka juu, na mikono miwili imeishika. Lakini ilikuwa imempa mgongo.

"Igeuze!" Junu akapaza sauti. Ukungu ukaimeza.

Fimbo haikutikisika. Kisha, polepole sana, ikageuka yenyewe mpaka namba zikamwelekea. Junu akasoma. Fimbo ilianza kuyumbishwa taratibu, mbele na nyuma, jinsi walivyofundishwa ili msomaji apate namba iliyo ndogo kuliko zote. Ishwari hakuwahi kukumbuka kufanya hivyo hata mara moja. "Leo kweli amekuwa mtu wa maana," Junu akawaza, akaandika.

"Haya, nenda kigingi cha nne!" aliita, lakini kabla hajamaliza fimbo ilikuwa imeondoka. Hakusikia jani likikanyagwa. Alipogeuza darubini upande wa pili, fimbo ilikuwa tayari imesimama kwenye kigingi cha nne, imemwelekea, inayumba taratibu. Akasoma, akatoa hesabu, akafungua ukurasa wa Tekman. Tofauti ya vigingi viwili ilikuwa ileile, hadi milimita ya mwisho.

Hakufurahi. Kama namba hizi hazikubuniwa, basi kweli kulikuwa na mtu wa pili humu msituni.

Nyuma yake kokoto zikalia. Akageuka. Ishwari alikuwa anashuka kinjia cha mbuzi, uso umemsawijika, fimbo yao ipo begani.

"Dada Junu, nisamehe. Nilisikia kitu kwenye ngazi nikarudi. Muda wote nimekaa kule juu kwenye jiwe. Nilishindwa, jamani."

Junu aliitazama fimbo begani kwa Ishwari. Kisha akaweka jicho kwenye darubini. Fimbo ya kigingi cha nne ilikuwa bado imesimama, inayumba, inamngoja.

"Tazama," akanong'ona.

Ishwari akainama, akatazama, akamshika mkono kwa nguvu. "Dada, ana miguu."

"Imeelekea wapi?"

"Nitajuaje? Yote iko juu!"

Wakati huo fimbo ikainuliwa. Ilitangulia yenyewe kutoka kwenye ukungu, ikipanda kuja kwao, na Ishwari akaanza kulia kwa sauti ya chini. Nyuma ya fimbo akatokea mwanamke wa makamo, mfupi, amejifunga shali kichwani, viatu vya mpira miguuni. Alipowaona alisimama, ameshtuka kama walivyoshtuka wao. Alinyooshea jicho lake vidole viwili, akaielekeza darubini, kisha akafunua kiganja, kama anayeuliza: umeshasoma?

"Hasikii," sauti ilisema pembeni yao. "Msimpigie kelele."

Alikuwa Tekman, jasho likimtoka, amebeba darubini kuukuu ya stoo. "Huyu ni shangazi yangu, Dilmaya. Anakaa karibu na chemchemi hapo chini. Alipokuwa msichana aliwashikia fimbo wapimaji wa barabara. Leo tunarudia kipande changu. Nilipokuwa nazungukia upande huu, yeye alimwona mtu na darubini, akadhani ni mimi."

"Kwa nini hukutuambia?" Junu aliuliza. Hasira ilikuwa rahisi kuliko hofu. "Siku saba, Tekman! Tumekuita mvivu siku saba!"

"Siku ya kwanza nilipochelewa kusoma namba kichwa chini, mlicheka. Wewe ukaninyang'anya darubini ukasema, 'Acha, nitafanya mwenyewe.' Nikamwomba Madam ile ya stoo na fimbo yake, nikaja kujifunza kwa shangazi, yeye hanicheki. Unasema sikuwaambia. Mliniuliza lini?"

Junu alikumbuka kila alichosema juu ya Tekman, kwa Prabesh, kwa Ishwari, hata kwa mpishi. Kwa Tekman mwenyewe, tangu siku ile ya kwanza, hakuwa amesema kitu mpaka jana, na hapo alimpa hukumu, si swali. Aliona aibu kiasi cha kushindwa kuinua uso mbele ya yule mama, ambaye hakuwa amesikia lolote na alikuwa anamtabasamia.

Ndipo wazo jingine likamjia. Kama kipande hiki ni sahihi, sentimita thelathini na moja zimepotelea kwingine. Akafungua kitabu palepale. Kurasa zake mwenyewe zilikuwa zimejikunja kwa umande na wino umetapakaa. Za Tekman vilevile, na za Ishwari pia. Za Prabesh zilikuwa laini na safi kama za kitabu kipya cha dukani, vigingi vyote kumi na viwili vimejazwa, hakuna hata namba moja iliyokatwa.

"Ishwari," alisema taratibu, "siku Prabesh alipopima kipande chake ni wewe uliyemshikia fimbo, sivyo?"

Ishwari alitazama chini. "Tulifika mpaka kwenye kibanda cha chai. Akasema baridi kali, namba zinaandikika tukiwa tumekaa. Aliniomba nisiseme. Na mimi... baridi ilikuwa kali kweli, dada."

Prabesh walimkuta uwanjani anawachekesha watu wa kundi la pili. Junu alimwekea ukurasa mbele. Alianza na mzaha, akaongeza mwingine, yote miwili ikadoda. Mwishowe akakaa kwenye ngazi na kusema bila kumtazama yeyote, "Nilidhani hamtagundua. Kila mtu alikuwa anamtazama Tekman."

Wote wanne walikwenda kwa Madam Gyawali kabla ya saa nne, na Prabesh ndiye aliyesimulia. Madam alimsikiliza hadi mwisho, mikono yake imezunguka kikombe. Alisema kipande kile kirudiwe mbele ya macho yake, na alama za Prabesh na Ishwari zitakatwa nusu, lakini kundi halitarudia mwaka kwa sababu limesema lenyewe. Walikipima mpaka saa tisa. Prabesh alichungulia, Ishwari akashika fimbo, na ukungu ulipokuwa mzito Tekman alisimama katikati akipitisha ishara za mikono alizofundishwa na shangazi yake. Kimo cha mwisho kilipishana na cha mwanzo kwa milimita nne. Junu alijumlisha mara tatu, na mara ya tatu machozi yalimtoka bila ruhusa.

Saa kumi Madam alitandaza karatasi mpya ya michango. "Leo hamwandikiani," alisema. "Kila mmoja aseme alichofanya, wenzake wakisikia. Halafu kiongozi aandike."

Walisema, na haikuwa rahisi. Walipomaliza, Madam alimgeukia Junu.

"Wewe umefanya kazi kuliko kiongozi yeyote kambini, na karibu umtie mwenzako sifuri asiyostahili. Unajua kwa nini?"

"Sikumuuliza, Madam."

"Hukumuuliza. Ulimpima kwa kelele. Aliyecheka sana ukamwona yupo, aliyenyamaza ukamwona hayupo. Na mizigo ya wengine uliibeba bila kusema neno, ukabaki na uchungu tu. Mtaajiriwa, mtaoa, mtaolewa, mtajenga madaraja na watu msiowachagua. Siku zote atakuwepo anayefanya kidogo. Mwendee siku ya kwanza, umuulize usoni: umekwama wapi? Kama ni mvivu, utamjua. Kama amekwama, utamsaidia. Na wewe, Tekman, mtu akikunyang'anya kazi, sema. Ukijificha, hata haki yako inakosa pa kukukuta."

Tekman aliitikia kwa kichwa.

Junu alichukua kalamu. Aliandika majina manne na alama zao, akasita, kisha akapiga mstari chini yake na kuongeza safu mpya: Dilmaya Rana, mshika fimbo. Akasogeza karatasi mbele ya Tekman, na kabla ya kumpa kalamu atie sahihi akamuuliza, "Nimeandika jina lake sawasawa?"