Udi wa Nyumba ya Badawi

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Khairiya alitandaza kanzu za babake juu ya tenga, akaweka chetezo chini yake na kuuacha moshi wa udi upande polepole. Udi ule aliupika mwenyewe kwa sukari, sandali na miski, kama alivyofundishwa na nyanyake, na katika Mji wa Kale mzima hapakuwa na nyumba nyingine iliyonukia hivyo. Watu walisema Mzee Badawi hujulikana kabla hajakata kona.

Siku moja ya mwaka 1946 alifunua kopo la udi akalikuta karibu tupu. Alikuwa amelijaza wiki ile ile. Vita vilikwisha, lakini sukari ilikuwa bado ikitolewa kwa kipimo, na udi wa Bara Hindi ulikuwa adimu. Ilibidi avae buibui, yeye na mamake, waende dukani kwa Fakhruddin.

Duka lilijaa wanawake waliokuja kuchagua leso. Katikati yao alisimama Sheikhan, mchumba wake, koti jeupe juu ya kanzu, kofia ya viua imelala upande kidogo. Alipowaona alisogea ukutani awapishe, macho chini. Khairiya alipompita alisita. Mkono wa koti lile ulinukia udi wake.

Hajrabai, mke wa Fakhruddin, aliyekuwa akipima sandali, naye aliinua pua.

"Bi arusi," alisema akicheka, "hata kadhi hajaitwa, na mwenzio ashanukia nyumba yenu?"

Wanawake wakacheka. Mamake Khairiya hakucheka. Kabla ya magharibi maneno yalikuwa yamefika mtaa wa Kibokoni na kurudi: ati binti Badawi huingia kwa kina Sheikhan kwa mlango wa nyuma.

Nyumba ya kina Khairiya ilikuwa na simu, na Sheikhan alijua saa ambayo mzee huwa msikitini; akapiga saa hiyo.

"Masalkheri, nuru yangu. Umenuna?"

"Nani anakufukizia nguo?"

"Shangazi Mwanakuu. Kwani?"

"Na udi anaupata kwa nani?"

"Hilo usiniulize, Khairiya. Nimeapa."

"Basi kamwoe huyo uliyemwapia," alisema, akakata.

Alilia mpaka leso ikalowa. Kwa hakika yuko mwanamke, aliwaza, na shangazi ni jina la kumfunika tu. Lakini mwanamke huyo angeupata wapi udi uliopikwa chumbani humu? Nani alikuwa akiuchota? Tangu hapo alianza kuwatazama watu wa nyumba yake mwenyewe kwa jicho jingine, na aliona haya kwa kufanya hivyo.

Akapika udi mpya kwa vyungu viwili. Cha kwanza alikitia marashi ya mawaridi, akajaza kopo. Cha pili alikitia zafarani, akautia udi wake kwenye kijaluba cha fedha ambacho babake hutembea nacho. Hakumwambia mtu; harufu yenyewe ingemtaja mchotaji.

Ijumaa walialikwa maulidi ya wanawake kwa jirani. Bi Mwanakuu, yule shangazi yake Sheikhan, mjane aliyeheshimiwa na wakubwa kwa wadogo, aliingia na shali ya hariri begani, akaamkia kila mtu, kisha akainama kumpa mkono mamake Khairiya. Harufu ya zafarani ikajaa mkekani. Mama alisogea akampa nafasi ya kukaa, akamuuliza hali, akamkaribisha halua.

Khairiya aliirudisha halua yake sahanini. Mwanamke kama yule hawezi kupokea udi wa mwanamume asiye mumewe. Babake alikuwa amemwoa kwa siri, na Sheikhan, aliyekaa naye nyumba moja, alijua na kuapishwa anyamaze. Khairiya angeweza kujisafisha kwa neno moja, lakini neno hilo lingempiga mama. Na akinyamaza, atampoteza Sheikhan.

Jumapili Mzee Badawi alimwita kijana sebuleni. Khairiya na mamake walikaa nyuma ya pazia. Mzee alieleza kwa utaratibu kwamba jina la binti yake limechafuka na kwamba ameamua kuvunja posa. Hakumuuliza kijana alikoupata udi. Khairiya alijua kwa nini hakuuliza.

"Mzee wangu," alisema Sheikhan, "binti yako hajawahi kukanyaga kwetu. Hilo nitaliapa msikitini mbele ya watu."

"Watu watataka kujua zaidi ya hapo."

"Zaidi ya hapo sitasema."

Khairiya aliuma ncha ya leso. Alimtazama mamake, akaona vidole vimetulia juu ya magoti kama vya mtu anayesikiliza habari za zamani.

"Baba Khairiya," mama aliita kupitia pazia, bila kupaza sauti, "zafarani ya kijaluba chako inampendeza Bi Mwanakuu."

Kikombe cha kahawa kiligonga sinia. Mzee aliposema, sauti ilikuwa si ile waliyoizoea.

"Ni mke wangu. Kijana huyu alikuwa shahidi, nikamwapisha. Nikamwacha mtoto wangu asemwe kwa jambo langu."

"Nilijua tangu Ramadhani," alisema mama. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Akainuka, akapanda ngazi taratibu, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Sheikhan naye alisimama. Hakujua kama posa ipo au imevunjika, na hapakuwa na wa kumwambia, kwa sababu mzee alikuwa ameshika kichwa. Alikwisha fika mlangoni.

"Sheikhan."

Aligeuka. Khairiya alikuwa hajawahi kusikika na mgeni katika sebule ile. Alikuwa amelishika pazia kwa mikono miwili.

"Nilikudhania ubaya, na haikuwa haki yako. Posa isivunjwe. Mimi nakutaka."