Shuka Iliyogeuzwa

Akirudi kutoka shuleni, hata soksi hajavua, msichana alikuwa ameshaitwa.

"Bi Kinyaa! Vyumba vinakungoja!"

Sauti hiyo ilikuwa ya shangazi yake, mwenye nyumba ndogo ya wageni karibu na stendi ya mabasi, na jina hilo alimpachika yeye mwenyewe. Alikuwa na sababu. Mtoto yule alikuwa na kinyaa, jamani! Akiona nzi kwenye ukingo wa kikombe, anamwaga chai yote. Akikuta unywele kwenye sabuni, anaoga kwa maji matupu.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe kazi ya kutandika vitanda vya watu asiowajua! Wageni wale, ukiwaona mapokezini, nguo zimenyooka na manukato yanafika barabarani. Ingia chumbani wakishaondoka, ndipo utakapowajua. Mmoja kaacha kucha za miguu juu ya meza, kazipanga kana kwamba atazirudia. Mwingine kafutia viatu taulo. Na kuna mmoja, Mungu amsamehe, alipenga kamasi kwenye pazia.

Bi Kinyaa alikunja shuka zao kwa ncha za vidole, pumzi kaibana, uso kaugeuzia dirishani. Kufua ndiko kulikomshinda kabisa. Akitumbukiza mikono kwenye karai na kuona maji yanavyobadilika rangi, aliichomoa papo hapo. Basi siku moja akajigundulia njia ya mkato. Shuka akaigeuza, upande wa chini ukaja juu, akainyoosha vizuri na kuipulizia manukato kidogo. Hakuna aliyelalamika. Akageuza na nyingine. Shangazi akimuuliza, "Umebadilisha?" anajibu, "Ndiyo, Shangazi," macho makavu.

Uvivu ukishapata kiti haukai peke yake. Komeo la chumba cha nne lilipolegea, shangazi alimwagiza amwite seremala. Yeye akaona seremala yuko mbali. Akatoa chingamu mdomoni, akaishindilia kwenye tundu la skrubu, komeo likashika.

Alasiri moja ya Jumamosi akaingia fundi wa cherehani. Mama huyu alizunguka mji hadi mji na mkoba wake wa bisibisi na mafuta, akitengeneza mashine za washonaji, na kila alikokwenda alikwenda peke yake. Nyumba ile iliishi kwa wanawake kama yeye, wauguzi, wafanyabiashara na mafundi, ambao waliambizana wapi pa kulala salama. Bi Kinyaa alimpenda kupita wageni wote. Alitamani siku moja naye awe na mkoba wake, apande basi bila kushikwa mkono na mtu.

"Shikamoo, Fundi! Leo umewahi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi hufika jua likiwa bado juu, nione ninapolala pakoje. Na dada yangu nimeshampigia simu, anajua niko wapi." Akamwinamia shangazi. "Chumba nitajie taratibu, ndugu yangu. Hapa stendi kila mtu ana masikio."

Shangazi akamnong'oneza, "Cha nne," akampa Bi Kinyaa ufunguo.

Mlangoni fundi hakuweka begi chini. "Begi langu halishuki mpaka nimekagua," alisema. "Jifunze hilo, kama kweli unataka kusafiri."

Bi Kinyaa akakumbuka shuka ya humo. Fundi alitazama dirisha, akanusa foronya, akakunja uso.

"Manukato mengi hivi ya nini? Shuka imebadilishwa lini?"

"Leo, Fundi."

Fundi akashika pembe ya shuka, akaifunua. Lo! Chini yake palikuwa na madoa ya jasho, nywele zilizojisokota, na plasta ya kidonda iliyotumika, imegandia pale na usaha wake mkavu. Fundi akaachia shuka, akaziba mdomo kwa kanga.

"Umesema leo?"

Bi Kinyaa akanyoosha mkono kuifunika plasta, akaurudisha.

"Haya. Kama shuka iko hivi, hebu nione mlango." Akalivuta komeo. Lilimfuata mkononi bila ubishi, likiburuza uzi mrefu wa rangi ya waridi. Akalisogeza karibu na macho. Alama za meno zilionekana.

"Hii nini?"

"Chingamu."

"Ya nani?"

"Yangu," alijibu Bi Kinyaa kwa sauti isiyosikika vizuri.

Fundi alilitupa komeo mezani kama aliyeshika panya mfu, akajifuta mkono kwenye kanga, akajifuta tena. Shangazi, aliyekuwa amesikia sauti, akatokea. Aliona kila kitu mara moja, na aibu ilimshika mpaka akakosa pa kutazama.

"Naondoka, ndugu yangu," fundi alisema, begi bado begani. "Na wenzangu nitawaambia. Siwezi kuwaficha, wanakuja hapa kwa kuniamini mimi."

Shangazi alimgeukia mpwa wake. "Panda kitandani, ulale."

"Shangazi!"

"Si ulisema ni safi? Lala."

Bi Kinyaa akatazama plasta ile. Akarudi nyuma mpaka ukutani. "Siwezi! Naona kinyaa!"

"Na Fundi ana ngozi ya mbao?" aliuliza shangazi.

Hapo ndipo msichana alipoelewa. Siku zote alikuwa akichukizwa na uchafu wa wageni, lakini uchafu ule wa kitandani aliutandika yeye, akaupulizia manukato, na kumkaribisha mtu anayempenda alale juu yake. Alijichukia mpaka masikio yakawaka. Angeweza kunyamaza, maana lililoonekana lilikuwa limeshaonekana. Lakini alimkumbuka muuguzi aliyeingia mchana, naye peke yake, akafunga mlango apumzike.

"Shangazi," alisema, machozi yakimtoka, "na chumba cha tatu nacho niligeuza. Muuguzi amelala humo sasa."

Shangazi alishika kichwa, kisha akaenda kugonga mlango wa chumba cha tatu na kuomba radhi. Fundi akamgeukia msichana.

"Hilo sikuliona mimi. Umelitaja mwenyewe," alisema. "Nitakaa. Lakini begi liko begani mpaka umalize."

Bi Kinyaa akafua. Hakutumia ncha za vidole. Alizamisha mikono mpaka kwenye viwiko, akabandua plasta, akasugua, akaenda pembeni kutapika, akarudi kusugua. Shuka safi zikatolewa kabatini, zikatandikwa vyumba vyote viwili. Aliyemkimbilia seremala alikuwa yeye. Komeo jipya lilipofungwa, fundi alilivuta kwa nguvu zake zote, halikutikisika. Ndipo begi likashuka.

"Sikia, mwanangu," fundi alisema. "Mwanamke akisafiri peke yake, watu husema hana mtu. Si kweli. Ana dereva, ana mwenye nyumba, ana wewe. Kufika mapema, kukagua mlango, kuwaambia nyumbani nilipo, hayo ni yangu. Lakini nikishafumba macho, ninachobaki nacho ni kazi uliyoifanya wewe mchana. Ukinidanganya hapo, umeniacha peke yangu kweli."

Akafunga mlango. Komeo liliingia mahali pake, ka! Bi Kinyaa alisimama nje akisikiliza mpaka kitanda kilipolia kidogo, kama mtu aliyejilaza bila wasiwasi. Kisha akachukua karai, akaenda kuvua shuka za chumba cha kwanza, ambacho hakuna aliyemuuliza habari zake.