Nyasi Zilizoondolewa Mapema

Mvua ilianza kijijini Rugu baada ya chakula cha mchana, ile mvua ya kunyesha bila haraka. Auleria alimfunga mwanawe mchanga, Ambrose, mgongoni, akaosha vyombo, kisha akawasha roboti la kufagia. Mumewe, Winston, alikisifia kidude hicho kana kwamba kakizaa yeye. Ni cha duara, bapa, hutambaa chenyewe sakafuni na hugeuka kikigonga kitu.

Kwa ajili ya roboti hilo nyasi za msiba ziliondolewa. Mama mkwe, Kemirembe, alikuwa amezikwa juzijuzi kwenye udongo mwekundu wa migombani nyuma ya nyumba, na sebule ikatandikwa nyasi za kukalia waombolezaji. Matanga yakiisha, wazee wa ukoo ndio huja kuzitoa. Winston akaona zinamharibia vigae vyake. Akazizoa, akatupa, akarudi dukani kwake Kayanga. Auleria alifagia mabaki, maana marehemu ni wa Winston na nyumba ni ya Winston.

Kilichomuuma ni kingine. Bibi alilazwa hospitalini tangu mjukuu azaliwe, na akafa akiomba kumpakata.

Paka wa marehemu, Chui, alilichukia roboti. Likinguruma tu, huyo juu ya kabati. Siku hiyo hakupanda. Alikwenda taratibu hadi katikati ya sebule, mkia juu, akaanza kujisugua ubavu hewani huku akikoroma kwa raha.

Roboti likafika hapo. Likagonga. Likapazunguka.

Hapakuwa na kitu.

Auleria alimpigia mumewe simu, akinong'ona.

"Baba Ambrose, njoo nyumbani. Roboti linamgonga mtu."

"Mtu gani?"

"Simwoni. Chui anamwona."

"Lizime tu, mke wangu. Litakuwa limeingia vumbi."

Aliinuka alizime. Likagonga tena, sasa mlangoni, na Chui alikuwa hapo hapo akijisugua. Mlango ulikuwa huo mmoja. Madirisha yote yalikuwa na nondo.

Akarudi nyuma. Likagonga karibu na meza. Akarudi tena. Likagonga karibu na kochi. Mgongo wake ukakaribia ukuta, akamtoa mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani, akajibana pembeni. Hakuogopa kufa. Aliogopa kunyang'anywa mtoto.

"Shikamoo, mama," alinong'ona. "Nyasi tutazirudisha. Mwanangu niachie."

Manyoya ya Chui yakalala, kuanzia shingoni hadi mkiani. Polepole. Kama yanapapaswa.

Roboti likagonga mbele ya vidole vyake vya miguu. Likazima.

Ambrose akacheka, akanyoosha mkono.

Winston alipofika alimkuta mkewe pembeni pale pale, mikono imekufa ganzi. Aliapa hakumwachilia mtoto hata kidogo. Winston alimtazama Chui, aliyekuwa amelala usingizi mzito miguuni pa Auleria, akatoka na panga bila kubisha. Alirudi na mzigo wa nyasi, wakazitandika sebule nzima, na wazee wakaitwa waje wamalize matanga inavyotakiwa.

Auleria alishusha pumzi. Akachemsha maji, akamvua mtoto nguo amwogeshe.

Kwenye mkono mdogo wa Ambrose, chini ya sweta, palikuwa na kikuku cha nyasi. Kilisukwa vizuri, kikafungwa fundo, na kilimtosha kabisa. Nyasi zake zilikuwa mbichi, zimeshika udongo mwekundu.