Rangi Katika Kisima cha Biasha

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kidawa alishika ufagio. Alifagia uwanja wa nyumba yao pale Rasbura, mjini Lindi, akazoa majivu, matumbo ya samaki, maganda ya korosho na mavi ya kuku, akajaza karai, akajitwika. Kisha huyoo, mbio mpaka kwenye kisima kibovu, akamwaga vyote humo na kurudi kuvaa sare.

Kisima hicho kilikuwa nyuma ya nyumba ya Bi Mboni, msuka mikeka. Zamani mtaa mzima ulichota humo. Baadaye watu walijitolea, wakachimba kisima kipya upande wa pili wa njia, wakakijengea ukingo wa saruji na kukitilia mfuniko wa mbao. Kile cha zamani kikabaki wazi. Mwaka ule wa kampeni ya usafi, Mzee Likwata, balozi wa nyumba kumi, akapata wazo lililomfurahisha hata yeye mwenyewe.

"Ndugu zangu, ya nini kuhangaika na jalala, linatuletea nzi? Shimo tunalo, tena limekwisha kuchimbwa! Takataka zote zitiwe mle. Likijaa, hata watoto hawatatumbukia."

Watu wakapiga makofi. Na kweli, mtaa ukang'aa. Watu wa mitaa mingine walipita wakitazama nyua kwa wivu. Kidawa, aliyekuwa mwepesi kuliko watoto wenzake, alisifiwa mkutanoni mbele ya watu wote, akaona haya na raha kwa pamoja.

Kisima kipya kilikuwa na mtunzaji, naye ni Biasha, mama yake Kidawa. Ndoo ya kuchotea ilikuwa moja tu, na ilikaa kwake. Hakuna aliyeruhusiwa kutumbukiza ndoo yake yenye masizi. Biasha hakuwa na mzaha. "Miguu hiyo! Vua viatu, umetoka navyo bandani!" Wengine walimcheka, wengine walinuna, lakini maji yalikuwa safi, na kila mtu alikuwa akikiita kisima cha Biasha.

Masika yalipoanza, maji yakabadilika. Kwanza yalikuja na harufu kidogo, kama ya kitambaa kibichi kilichosahauliwa. Kisha watoto wakaanza kuhara, nyumba baada ya nyumba. Abilahi, mdogo wake Kidawa, alilegea mpaka akawa hataki hata kubebwa.

Kidawa hakuelewa. Mtaa haukuwahi kuwa safi namna ile, na watu hawakuwahi kuugua namna ile. Sasa ugonjwa ulikuwa ukitoka wapi?

Kisimani, majibu yalikuwa mengi kuliko ndoo.

"Mwenzangu, umeyaonja maji ya leo?" aliuliza mwanamke mmoja.

"Nimeyaonja, nimeyatema," alijibu Bi Mboni, mikono kiunoni. Bi Mboni alikuwa na moyo mzuri, lakini neno halikulala kinywani mwake. "Mimi sitaki kumsema mtu, mnanijua. Lakini mwenye kisima ana mtoto anayehara. Zile nguo anazifulia wapi? Mimi nauliza tu!"

"Mh! Hebu nyamaza, mtoto wake yule pale."

Kidawa alijitwika ndoo, maji yakimwagikia shingoni, akaenda zake kama hakusikia.

Nyumbani alimkuta mama yake akisugua ndoo ya mtaa kwa mchanga na majivu. Hakutaka kuuliza, lakini swali lilimtoka.

"Mama, nguo za Abilahi unazifulia kisimani?"

Biasha aliacha kusugua. Hakugomba. Alimtazama tu mwanawe, na hilo lilimuumiza Kidawa kuliko kugombezwa.

"Hata wewe, Kidawa?"

"Wanasema watu, mama."

"Nguo nafulia huku nyuma, kwenye beseni, kila siku unaniona. Haya, nenda kamtazame mdogo wako."

Jioni Mzee Likwata alibisha hodi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akizungusha kofia yake mikononi. "Binti yangu, watu wanalalamika. Jumamosi tutakutana. Maji yasipokuwa yamekaa sawa, utaniwia radhi, ndoo utaikabidhi mbele ya wote."

"Nimekosa nini, mzee?"

"Ndilo sijui. Lakini kisima ni chako wewe."

Kidawa hakupata usingizi upesi. Kukabidhi ndoo mbele ya watu ni sawa na kukiri, na mama akishaitwa mchafu, jina hilo lisingefutika Rasbura. Asubuhi aliamua: kama uchafu ndio unaoleta maradhi, basi atausaka uchafu wote wa mtaa auondoe. Alifagia kwao, akafagia kwa jirani, akazoa mpaka nyuma ya mabanda ya mbuzi. Makarai yalikwenda na kurudi, yote katika kisima kibovu.

Bi Mboni alimwona akipita. Alikuwa amemaliza kutia rangi ukili wa mikeka yake, na sufuria kubwa la maji mekundu lilikuwa limebaki mekoni. "Kidawa, mwanangu, hebu nimwagie na hili. Nikilimwaga uani, balozi atasema nimechinja ng'ombe!"

Kidawa alilibeba kwa shida, likamchuruzikia viganjani, akalimwaga. Siku zilizofuata mvua ilinyesha sana.

Jumamosi, watu walikwisha kukusanyika kisimani. Bibi Afya naye alikuwapo. Jina lake Veronika, alitoka zahanati, ambako alikuwa amewapokea watoto wengi wa mtaa ule mmoja mpaka akashangaa. Biasha alishusha ndoo taratibu, akaivuta. Yaliyopanda yalikuwa maji yenye wekundu hafifu.

"Damu!" alipiga kelele mtu.

Basi, hapo ndipo mkutano ulipovunjika kabla haujaanza. Mmoja alisema kuna maiti chini. Mwingine akasema ni jini, yeye alimwona mwenyewe. Bi Mboni akajifunga kanga upya. "Si niliwaambia? Mimi sisemi kitu, lakini si niliwaambia?"

"Ndoo, Biasha," alisema Mzee Likwata kwa sauti ndogo. Biasha akaanza kufungua kamba.

Kidawa alitazama maji. Kisha akatazama viganja vyake, ambavyo tangu siku ile sabuni ilikuwa haijavitoa wekundu. Ilikuwa rangi ile ile. Haraka akaficha mikono nyuma. Wakiiona watasema yeye ndiye aliyekitia kisima rangi, tena ametumwa na mama yake! Lakini hakuitia humu. Aliitia kule. Ya kule imefikaje huku, nayo haina miguu?

Mama yake alikuwa amekwisha kufungua fundo. Kidawa akapenya katikati ya watu wazima.

"Shikamoo, Bibi Afya."

"Marahaba, mwanangu."

Alitoa mikono, akaiweka karibu na ndoo. "Si damu. Ni rangi ya mikeka ya Bi Mboni. Mimi nimeimwaga. Lakini wallahi sikuimwaga humu, nimeimwaga kwenye kisima kibovu. Sijui imekujaje."

"Rangi yangu?" Bi Mboni alishika kifua. "Ukili wangu umeingiaje kesi hii?"

Watu wakacheka, lakini Bibi Afya hakucheka. "Nipeleke kwenye hicho kisima kibovu."

Alipoinama juu yake alirudi nyuma upesi, akifunika pua kwa leso. Aliwaita watu pembeni, palipokuwa na mchanga mtupu, akamwambia Kidawa achimbe vishimo viwili vilivyokaribiana. Kisha akamimina maji katika kimoja, akaongeza, akaongeza tena. Ukuta wa kishimo cha pili ukaanza kulowa, na chini yake maji yakatuama.

"Mmeona? Huku juu mnaona visima viwili," alisema. "Chini yake maji ni mamoja, yanatembea ndani ya mchanga kutoka huku kwenda kule. Kisima hiki hakikufa. Mlikiacha tu, halafu mkakilisha. Mtunzaji wenu alifunika kisima kwa juu, nanyi mkakichafua kwa chini."

Kidawa alihisi machozi. Makarai yale yote, na sifa zile zote! Mzee Likwata alivua kofia.

"Wazo lilikuwa langu," alisema. "Mtoto alitii tu."

Kazi haikwisha siku ile wala wiki ile. Maji ya kunywa yalichemshwa kila nyumba. Wanaume waliutoa uchafu kwa makamba na madebe, wakautupa katika shimo jipya lililochimbwa mbali, upande wa chini usiopeleka maji visimani. Kisima cha zamani kikajazwa udongo safi na kushindiliwa, na kile kipya kikatiwa dawa. Maji hayakutakata upesi. Watu waliyanusa, wakatikisa vichwa, wakasubiri. Abilahi alianza tena kukimbia kabla maji hayajarudia ladha yake.

Yalipotakata, Bi Mboni alikuja kwa Biasha na mkeka mpya kwapani. "Shoga, ulimi wangu huu, ungekatwa nisingelalamika. Tunataka uendelee na ndoo."

"Nitaendelea," alisema Biasha, "lakini msikiite tena kisima cha Biasha. Kilipokuwa changu, kila mtu alitazama mikono yangu, hakuna aliyetazama karai lake. Kiiteni chetu, na zamu tuzipange nyumba kwa nyumba."

Walipobaki wawili, Kidawa alimsogelea. "Nilikushuku, mama. Tena nilidhani nasafisha."

"Kufagia ulifagia, mwanangu. Ila uchafu hauondoki kwa kuwa macho yako hayauoni tena. Siku nyingine, kabla ya kumwaga kitu, uliza kinakwenda wapi. Na kabla ya kumtuhumu mtu, uliza vilevile." Akampa ndoo. "Haya, kachote. Leo zamu yetu."